Kiti Mwendo Kifike Hadi Kwenye Kinu: Mwongozo kwa Vijiji vya Makumbusho vya Mtwara na Lindi

Vikundi vya utamaduni vinavyofungua uwanja wa nyumba za asili huku kusini huuliza mambo yaleyale. Rampu, yaani mteremko wa kupandishia kiti mwendo, iwe na urefu gani? Mchanga huu tuufanyeje? Mlango wa nyumba ya udongo tuupanue, au tuuache kama ulivyokuwa enzi za mababu? Na choo je? Mwongozo huu unajibu hayo. Unahusu kijiji cha makumbusho, yaani eneo la wazi lenye nyumba za asili ambamo watu wanafinyanga, wanachonga, wanatwanga na kucheza ngoma mbele ya wageni, kwa mtindo wa Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam. Hata kama una nyumba mbili na mwembe mmoja, unakuhusu.

Shika neno moja tangu mwanzo: rampu ya getini peke yake haijamfikisha mgeni popote. Mtu hatoki Masasi au Nachingwea kuja kutazama geti. Anakuja kushika mchi, kupapasa udongo wa mfinyanzi, kuingia ndani ya nyumba na kunusa moshi uliokaa kwenye nyasi za paa. Njia ya kutoka anaposhukia kwenye bajaji hadi kwenye kinu ni mnyororo mmoja, na pete moja ikikatika, zilizobaki hazina kazi. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zinaanzia barabarani na kwenda hadi mikononi mwa mgeni.

KABLA YA KUANZA

Tafuta kwanza mtu anayetumia kiti mwendo, saruji itafuata. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako itakuunganisha naye, au tawi la CHAWATA, chama cha watu wenye ulemavu, kama lipo karibu. Mlipe siku yake kama unavyomlipa mwashi, kwa sababu kwenye kazi hii yeye ndiye fundi mkuu. Ukipata wawili ni bora zaidi: mmoja anayejisukuma mwenyewe kwenye kiti cha kawaida, na mmoja mwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono. Baiskeli hizo ni nyingi kwetu kuliko wajenzi wengi wanavyokumbuka. Ni ndefu, na hazigeuki pale zilipo kama kiti.

Vifaa vya kuwa navyo:

- futi ya mita 5, na kamba ya mita 20
- pima maji, na ubao mnyoofu wa mita 1
- mpira wa maji unaopitisha mwanga, mita 10, wa kupigia levo
- vigingi, nyundo, chokaa ya kuchorea chini
- majembe, sepeto, toroli 2, ndoo, chekeche
- kishindilio cha mkono cha kilo 8 hadi 10 (bomba la chuma lililojazwa zege na kuwekewa kitako bapa linatosha)
- magunia matupu ya kufunikia, na ufagio wa chelewa

Jenga kati ya Juni na Septemba. Mvua za kusini hutulia kuelekea Mei na kurudi mwisho wa mwaka, na njia ya changarawe inahitaji wiki kadhaa za ukavu kabla ya mvua ya kwanza. Sababu nyingine ni korosho. Mavuno yakishika kasi mwezi Oktoba, vibarua wote wako mashambani na hutampata mtu wa kushindilia.

Kuhusu vibali: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo na huduma za umma zifikike, kwa hiyo unapopeleka mchoro halmashauri, itaje. Kama eneo lako lina jengo la kale au gofu, usiguse ukuta kabla ya kusoma sehemu ya majengo ya kale hapo chini.

Vipimo vya kubandika ukutani:

- Upana wa njia: sentimita 120. Kila baada ya mita 25, acha sehemu ya sentimita 180 ya kupishana.
- Uwazi wa mlango: sentimita 90. Chini ya 80 usikubali.
- Nafasi ya kugeuka: duara la sentimita 150.
- Kizingiti: kisizidi sentimita 1.5, na kingo zake ziwe za mshazari.
- Rampu: kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Penye nafasi, fanya 15.
- Njia isilale upande zaidi ya sentimita 2 kwa kila mita ya upana.
- Mkono wa mtu aliyeketi: unafika bila taabu kati ya sentimita 40 na 120 kutoka chini.

HATUA ZA KAZI

1. Pita njia yote ukiwa umeketi

Azima kiti, kaa, jisukume kutoka barabarani hadi nyumba ya mwisho, ukiwa pamoja na yule fundi wako mkuu. Fanya hivyo saa nane mchana ili ujue jua linapiga wapi. Popote gurudumu linapozama, linapokwama au linapovutwa upande, mwaga chokaa. Mizizi ya mwembe na mkorosho ipe alama kubwa: itaendelea kuinuka, kwa hiyo njia iukwepe mti, isipite juu ya mizizi.

Kupima mteremko ni rahisi. Laza ubao wa mita 1 juu ya mteremko, weka pima maji juu yake, inua ncha ya upande wa bondeni mpaka kipovu kikae katikati, kisha pima nafasi kati ya ncha hiyo na ardhi. Sentimita 5 ni mteremko wa 1 kwa 20, mtu anapanda huku anaongea. Sentimita 8 ni 1 kwa 12, anapanda kwa nguvu na anahitaji mahali pa kupumzika. Ikizidi 8, mgeni huyo hatapanda bila kusukumwa, na anayesukuma naye anaweza kuteleza.

2. Mahali pa kushukia

Tenga eneo gumu la upana wa mita 3.6, lisilo na mteremko, ndani ya mita 30 kutoka getini. Upana huo unaruhusu gari kusimama na kiti kufunguliwa pembeni. Weka kivuli na benchi. Kikundi kikiweza, kiwe na kiti mwendo kimoja cha akiba hapo getini, kwa ajili ya mwenye baiskeli ya magurudumu matatu ambaye hataweza kuingia nayo ndani ya nyumba, na kwa wazee ambao miguu imechoka.

3. Njia juu ya mchanga

Hapa ndipo kazi nyingi za Pwani hufia. Magurudumu ya mbele ya kiti cha kawaida ni madogo, na uzito wa mtu unayabonyeza kwenye mchanga kama kisigino. Kumwaga kokoto juu ya mchanga hakusaidii. Kokoto hucheza, gurudumu linachimba, na sasa una mchanga wenye mawe.

Kinachofaa ni changarawe nyekundu iliyochanganywa na saruji kidogo, ikashindiliwa ndani ya kingo. Kwa kila mita 10 za njia yenye upana wa sentimita 120 na unene wa sentimita 10 baada ya kushindiliwa, andaa mita za ujazo 1.5 za changarawe na mifuko 3 ya saruji ya kilo 50. Kwa lugha ya toroli, ni toroli 8 za changarawe kwa mfuko 1.

a) Chimba sentimita 15 kufuata kamba. Toa mizizi na majani yote.
b) Panga kingo pande zote mbili kwa matofali ya saruji yaliyolazwa, yakizama ardhini na kubakiza sentimita 5 juu. Bila kingo, changarawe itatambaa pembeni msimu mmoja tu. Usitumie matumbawe yaliyochimbwa baharini, ni kuharibu mazalia ya samaki. Ukitumia vigingi vya miti, paka ncha inayozama mafuta ya maganda ya korosho kuzuia mchwa, lakini vaa glavu: mafuta hayo yanaunguza ngozi hadi kutoa malengelenge. Kwa sababu hiyohiyo usiyapake kamwe mahali ambapo mgeni atashika.
c) Mwagilia mchanga wa chini, ushindilie ukiwa na unyevu. Mchanga mkavu haushiki.
d) Chekecha changarawe, toa kila jiwe linalozidi sentimita 2. Changanya na saruji kwanza ikiwa kavu hadi rangi iwe moja, ndipo unyunyize maji.
e) Jaribu unyevu kwa mkono. Kamata konzi, finya, fungua kiganja. Donge likishika na kiganja kikabaki bila maji, liachie kutoka usawa wa kiuno: likivunjika vipande viwili au vitatu, unyevu uko sawa. Likisambaratika kuwa vumbi, ongeza maji. Likibaki kama andazi, umezidisha, na njia itapasuka ikikauka.
f) Mwaga tabaka la kwanza la sentimita 7, shindilia hadi kishindilio kianze kurudisha mlio mkavu. Kwaruza uso wake kwa reki, mwaga tabaka la pili, shindilia tena. Usimwage unene wote kwa mara moja, juu patakauka na chini patabaki sponji.
g) Maliza ndani ya saa 2 tangu maji yalipoigusa saruji. Changanya kidogo kidogo, mfuko mmoja kwa wakati.
h) Laza uso wa njia upande mmoja, sentimita 2 kwa mita, ili maji yatoke. Funika kwa magunia, yaloweshe asubuhi na jioni kwa siku 7, na watu wasipite.

Kama fedha haitoshi njia yote, tengeneza kwanza njia ya kwenda nyumba moja, uikamilishe hadi ndani. Nusu ya njia kuelekea nyumba nne haina faida kwa yeyote.

Kwa siku ya tamasha tu, tumia mkeka wa mbao. Chukua mbao za inchi 1 kwa 4 zenye urefu wa sentimita 120, zifunge kwa kamba mbili za nailoni ukiacha nafasi isiyozidi sentimita 1. Mbao zilale kukatisha njia. Zikifuata mwelekeo wa safari, gurudumu la mbele litaingia kwenye ufa na kumrusha mtu kifudifudi. Mbao 18 zinatoa kipande cha mita 2 ambacho watu wawili wanabeba. Makuti usiyatandike chini, huteleza na mgongo wa kuti hukamata gurudumu.

4. Rampu ya baraza

Tuchukue baraza lililoinuka sentimita 45 kutoka chini, maana ndiyo yanayoulizwa zaidi. Zidisha kwa 12, unapata mita 5.4. Ukiwa na nafasi ya mita 6.75 umefika 1 kwa 15, na mtu mwenye mikono ya kawaida atapanda mwenyewe. Rampu inayozidi mita 9 kwa mteremko wa 1 kwa 12 ikatwe katikati kwa sakafu bapa ya kupumzikia ya sentimita 150.

Kwa rampu ya mita 5.4, upana wa sentimita 120, pamoja na sakafu bapa ya juu ya sentimita 150 kwa 150, utahitaji takriban:

- matofali 80 ya saruji ya inchi 6, yakiwemo ya msingi
- mita za ujazo 2.5 za kifusi cha kujazia
- mifuko 6 ya saruji, toroli 7 za mchanga na toroli 14 za kokoto kwa zege la sentimita 10, na saruji nyingine mifuko 2 ya kujengea

Jenga kuta mbili za pembeni zinazopanda, jaza kifusi kwa tabaka, mwagilia na shindilia kila tabaka, kisha mwaga zege. Iweke rampu ubavuni mwa nyumba, si mbele. Wenye hofu kwamba zege litaua sura ya nyumba ya asili wazikandike kuta za rampu kwa udongo uleule mwekundu, na kila mwaka nyumba inapokandikwa, rampu nayo ikandikwe. Itakaa kama imezaliwa hapo.

Makosa yanayorudiwa:

Ncha ya chini kuishia nyembamba kama ulimi wa kisu. Inameguka mwezi wa kwanza, na pale palipomeguka pana ngazi ya sentimita 3. Chimba mtaro wa sentimita 15 na zege lianzie ndani ya ardhi.

Kupiga niru. Sakafu ya niru inapendeza macho, na ikilowa ni sabuni. Zege likianza kukaza, lifagie kwa chelewa kukatisha njia ili liache mistari.

Kutumia mchanga wa ufukweni. Chumvi yake hula nondo na mabomba, na rangi hubanduka. Tafuta mchanga wa mtoni au wa shimo.

Kusahau ukingo. Pande zilizo wazi ziwe na ukingo wa sentimita 8 hadi 10 kuzuia gurudumu kutoka nje, na bomba la kushika kwa urefu wa sentimita 90, lenye unene wa inchi 1½, likipita mwisho wa rampu kwa sentimita 30 juu na chini. La pili kwa sentimita 70 ni kwa watoto. Tumia bomba lenye mabati ya kuzuia kutu, hewa ya bahari haina huruma. Bomba lililo juani huchoma viganja mchana, kwa hiyo lizungushie kamba ya usumba iliyokazwa vizuri.

Maji ya paa. Nyasi na makuti hayana mfereji, yanadondosha mstari mzima wa maji ukingoni mwa paa. Mstari huo ukiangukia kwenye rampu utaota ukungu wa kijani na kuteleza. Sogeza rampu, au refusha paa lifunike sakafu bapa yote.

5. Mlango na ndani ya nyumba

Kama nyumba ni mpya, imejengwa na kikundi kwa mfano wa zamani, jenga mlango wa sentimita 90 bila kusita. Mwongozaji aseme wazi kwamba milango ya asili ilikuwa myembamba zaidi, na amwonyeshe mgeni upana wa zamani kwa vijiti viwili ukutani. Ukweli umebaki, na mgeni amepita.

Nguzo za baraza ziachane sentimita 90 au zaidi. Ukingo wa paa uangalie kwa macho mawili: mtu aliyeketi anapita chini ya paa lililoshuka, lakini anayemsukuma anagonga paji la uso. Inua ukingo ufike mita 2 pale njia inapopita.

Ndani, chukua kamba ya sentimita 75, shikilia ncha moja katikati ya chumba na zungusha nyingine ukichora kwa chokaa. Duara hilo libaki tupu. Mafiga, mitungi, kitanda cha kamba na dari la mahindi vyote vikae nje ya duara. Chumba kikiwa kidogo mno, mgeni ataingia mbele na kutoka kinyumenyume. Hilo linakubalika ikiwa hakuna kizingiti na mtu yuko nyuma yake.

Sakafu ya udongo uliopigwa inafaa kabisa, mradi iwe imeshindiliwa na kusiribwa. Shida yake ni pale mlangoni, ambapo miguu ya watu hula udongo na kuacha shimo. Weka hapo bamba la changarawe na saruji la sentimita 60, usawa mmoja na sakafu.

6. Kazi za mikono

Hatua hii huachwa, na ndiyo iliyomleta mgeni.

Ufinyanzi: mfinyanzi hukaa chini, na mgeni aliye kitini anaona kisogo chake tu. Tengeneza meza nzito yenye uso wa sentimita 75, chini yake pawe wazi sentimita 70 kwenda juu, 80 kwa upana na 50 kwenda ndani ili magoti yaingie. Mfinyanzi mmoja afanyie kazi hapo, na donge la udongo la mgeni liwekwe juu ya kigae kinachozungushwa kwa mkono. Weka ndoo ya maji juu ya kisiki, si chini.

Kutwanga: kinu cha kawaida ni cha mtu aliyesimama. Kwa aliyeketi, zika kisiki cha mti mgumu sentimita 40 ardhini, juu yake kaza kinu kifupi mpaka mdomo wake ufike sentimita 75, na tafuta mchi mwepesi wa sentimita 60 hivi. Mgeni akae ubavu kwa kinu, upande wa mkono wake wenye nguvu, breki zote mbili zikiwa zimefungwa. Asiyefunga breki, kila pigo linamrudisha nyuma. Weka mtama au mahindi kiasi cha kibaba nusu, yakijaa yanaruka.

Uchongaji wa mpingo: acha mita 1.5 kati ya tezo na mgeni, na panga vinyago vya kushikwa juu ya rafu ya sentimita 80 hadi 100. Vibao vya maelezo visizidi sentimita 120 kwa juu. Fagia vipande vya mpingo mara mbili kwa siku. Ni vigumu na vyenye ncha, hukwama kwenye magurudumu, na vumbi lake huwasha macho.

Kubangua korosho mbichi au kukaanga kwa moto wa wazi mgeni aangalie tu, kutoka upande unaotoka upepo. Mafuta ya ganda yakirukia mapajani kwa mtu asiye na hisia miguuni, anaweza asijue mpaka ngozi imeungua.

7. Uwanja wa ngoma

Sindimba ikipamba moto kila mtu husimama, na aliyeketi anabaki na migongo ya watu. Tenga mbele kabisa nafasi nne za sentimita 90 kwa 120, zichore kwa chokaa, na kila moja iwe na kigoda pembeni cha ndugu aliyekuja naye. Weka mtu wa kuzilinda.

8. Choo

Chumba kiwe na angalau mita 1.5 kwa 2.2, mlango wa sentimita 90 unaofunguka kwa nje. Juu ya tundu la choo cha shimo jenga kiti cha matofali chenye urefu wa sentimita 45 hadi 48, uso laini usiokwaruza ngozi, na mfuniko. Ubavuni acha sentimita 90 tupu za kuegesha kiti, upande mwingine kaza bomba la kushika kati ya sentimita 70 na 80 kutoka sakafuni. Lijaribu kwa kulining'inia: lisipokubeba wewe, halitambeba mgeni. Maji na kopo vifikike akiwa ameketi. Na choo hiki kisigeuzwe stoo ya mifagio.

9. Waongozaji

Mwongozaji amsalimie mgeni mwenyewe, si anayemsukuma. Kama ni mtu mzima, shikamoo yake aipate kama wengine: "Shikamoo, bibi. Karibu. Nikusaidie, au unakwenda mwenyewe?" Jibu likiwa hapana, hapana hiyo iheshimiwe. Kiti ni sehemu ya mwili wa mtu, hakishikwi bila ruhusa. Kwenye mteremko mkali msaidizi amshushe kinyumenyume. Msaidizi wa mgeni asitozwe kiingilio.

10. Jaribio

Rudi na yule fundi wako mkuu kabla ya kufungua. Apite njia yote peke yake, aingie, ageuke, atwange, aende choo, atoke. Mwashi awepo na sepeto yake siku hiyo. Kinachokwama kirekebishwe papo hapo.

MAJENGO YA KALE NA MAGOFU

Nyumba za mawe za Mikindani na Kilwa Kivinje, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ambayo ni Urithi wa Dunia tangu 1981, si mahali pa kupanua mlango. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya namna hiyo, kwa hiyo anza na wasimamizi wa eneo. Wanachoweza kukubali ni kitu kinachoondoka bila kuacha jeraha: rampu ya mbao inayosimama yenyewe, bila msumari ukutani, ikiwa na kipande cha mpira chini yake. Usimwage saruji kugusa ukuta wa mawe na chokaa. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, na ukuta unaanza kumomonyoka kutoka ndani.

Kwa safari ya mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani, panga saa kwa maji, si kwa ratiba ya hoteli. Maji yakiwa yamejaa, mashua inasogea karibu na mgeni habebwi tope zima. Siku za maji mafu ni nyepesi kuliko za bamvua, kwa kuwa kina hakibadiliki sana kati ya kupanda na kushuka. Kiti kifungwe kwa kamba ndani ya mashua, lakini mtu asifungwe kwenye kiti. Akae kwenye ubao wa mashua akiwa amevaa jaketi la kuokolea.

MATATIZO NA DAWA ZAKE

Njia imechimbika mfereji katikati. Haikulazwa upande, au maji ya paa yanaingia. Chimba mtaro wa pembeni kwanza, ndipo uzibe. Ukiziba bila mtaro, mvua ijayo itafungua palepale.

Uso wa njia unatoa vumbi na kokoto ndogo zinazocheza. Ilikauka haraka bila magunia, au saruji ilikuwa kidogo. Kwaruza sentimita 3 za juu, ongeza changarawe iliyochekechwa kwa mfuko 1 kwa toroli 6, shindilia, funika siku 7.

Nyufa ndefu zinazokatisha rampu. Zege halikugawanywa. Kata mistari ya kina cha sentimita 2.5 kila mita 2 siku ya kumwaga. Nyufa zilizokwisha kutokea jaza uji mzito wa saruji. Ufa ukitanuka kuliko unene wa sarafu, kifusi chini hakikushindiliwa, vunja sehemu hiyo urudie.

Bomba la kushika linatikisika. Miguu yake ilizikwa kwenye kifusi tu. Kila mguu unataka shimo la sentimita 40 lililojaa zege.

Gurudumu linavutwa upande mmoja kila mara. Pima kwa ubao kukatisha njia. Ukikuta zaidi ya sentimita 2 kwa mita, ongeza tabaka upande wa chini.

Pancha. Miiba ya migunga na vipande vya mpingo. Weka getini pampu, viraka na gundi. Mipira mingi ya kiti mwendo huzibwa kama ya baiskeli. Mgeni apewe benchi kivulini wakati kiti kinashughulikiwa, na asihamishwe mahali alipochagua kukaa bila kuulizwa.

Utelezi msimu wa maembe. Maembe yaliyooza njiani ni hatari kuliko mvua. Fagia asubuhi kabla ya kufungua na tena mchana, na tawi linaloning'inia juu ya rampu likatwe.